Babu wa Kwanza Alifika Lini? Historia ya Ukoo Imeandikwa Kihambani

Karibu kila mkulima wa Moshi anayeniita nimsaidie kuandika historia ya ukoo wake huanza na neno lile lile: "Sisi ndio tulikuta pori hapa." Sina haraka ya kumbishia. Kazi yangu ni kutafuta ni babu yupi aliyekuta pori, lipi, na wakati gani.

Chukua mzee mmoja wa Old Moshi ninayefanya naye kazi sasa. Amezaliwa karibu na 1950. Anamtaja baba yake, babu yake, baba wa babu, kisha anaruka moja kwa moja hadi kwa mwanzilishi, mwindaji wa tembo aliyetoka Ukamba, Kenya. Kizazi kimoja tukikipa miaka 25 hadi 30, mwindaji huyo atakuwa amezaliwa miaka ya 1830 au 1840. Lakini mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848 alimkuta Mangi (yaani chifu) Masaki akitawala, na Machame akamkuta Mangi Mamkinga. Mlima Kilimanjaro ulikwishakuwa na watu, migomba na mipaka. Kwa hiyo ama kuna vizazi vimepotea, ama mwindaji huyo ni mwanzilishi wa tawi, si wa ukoo mzima.

Mara nyingi vizazi vimepotea, na kinachovipoteza ni majina. Kwetu Wachagga mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Jina linarudi kila baada ya kizazi kimoja, na anayesimulia huwafanya babu wawili kuwa mtu mmoja bila kukusudia. Ndiyo maana siulizi tu "aliitwa nani?" Nauliza alioa wapi, alizikwa wapi, na nani alibaki nyumbani kwake. Watu wawili wenye jina moja hawawezi kuwa na kaburi moja na mke mmoja.

Hapo ndipo kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kinapoanza kusema. Kwa desturi mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hubaki kwenye boma la baba. Wa kwanza naye hupewa kihamba chake, na wa katikati mara nyingi walilazimika kwenda kufungua ardhi mpya. Kama familia yako inakaa kwenye boma la asili, inawezekana umetokana na mnyororo wa vitinda mimba. Jambo hilo hubadilisha hesabu yote, kwa sababu kitinda mimba huzaliwa baba akiwa mtu mzima sana, na miaka 30 kwa kizazi huwa michache. Mimi huhesabu 35, hata 40. Na kama babu yako alikuwa wa katikati, basi neno la "tulikuta pori" linaweza kuwa kweli kabisa: alilikuta yeye, kwenye kihamba hiki, huku ukoo ukiwa umeishi ng'ambo ya korongo muda mrefu kabla yake.

Ninapotembea shambani natazama mimea iitwayo masale. Yaliyopandwa mpakani na yaliyopandwa kaburini ni mmea ule ule, ila ya mpakani hufuata mstari na ya kaburini husimama pamoja ndani ya migomba. Naomba nionyeshwe pia mfongo, yaani mfereji wa maji, unaonywesha kihamba. Mfongo haukuchimbwa na mtu mmoja. Ukoo uliouanzisha ndio kwa kawaida uliosimamia zamu za maji na kuwaita wengine kuusafisha. Mkiwa na haki ya maji kama wakaribishwa tu, huku jirani ndiye mwenye mfongo, basi jirani alitangulia. Wazee wengine hawapendi kusikia hilo, lakini maji yanafuata historia yake, hayafuati majivuno yetu.

Miaka kamili hupatikana kwa kufunga masimulizi kwenye matukio. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Basi nauliza: wakati huo babu alikuwa anachunga mbuzi au alikwishaoa? Reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911. Waingereza waliuchukua mji 1916. Kahawa nayo ina tarehe zake: chama cha wakulima wenyeji, KNPA, kilianza 1925, na ushirika wa KNCU ukachukua nafasi yake 1933. Kadi au stakabadhi ya zamani ya kahawa, iliyokunjwa ndani ya Biblia ya bibi, imenisaidia kuliko masimulizi mengi.

Nyaraka za kanisa ndizo hazina kubwa zaidi. Wakatoliki walianza Kilema miaka ya mwanzo ya 1890, Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakafika Machame 1893. Kitabu cha ubatizo kina jina jipya, majina ya wazazi na wadhamini. Ila tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa. Wengi wa kizazi cha kwanza walibatizwa wakiwa watu wazima. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyetumika Old Moshi miaka mingi, aliandika sana kuhusu desturi za koo, nami humsoma sambamba na vitabu hivyo vya ubatizo.

Linaloniumiza ni wanawake. Kwenye matawi ninayoletewa wamo wanaume tu, kana kwamba walizaana wenyewe. Wakati huo huo ni mama aliyelima ndizi na maharage, aliyekata majani ya ng'ombe wa ndani kila siku, na mara nyingi mjane ndiye aliyekishikilia kihamba mpaka watoto wakakua. Isitoshe, mama ana ukoo wake, na ukoo huo una masimulizi yasiyo na haja ya kuutukuza ukoo wa mume. Wajomba hukumbuka mwaka mahari ilipopelekwa, na ng'ombe yupi alikufa njiani.

Kwa huyu mzee wa Old Moshi, hapo ndipo tulipofika. Tumepata makaburi mawili yenye jina moja, moja likiwa kwenye boma lililoko juu ya mfongo. Mke wa yule wa zamani alitoka Kirua, na bado kuna shangazi huko anayejua ni nyumba gani. Tutakwenda baada ya mavuno ya kahawa.