Kabla hujaniomba kapcha, tuangalie fomu yako inatuma vipi

Mwaka juzi mwezi wa saba, msimu umepamba moto, nikapigiwa simu na mama mmoja mwenye gesti yake Paje, Zanzibar, mimi ndo namsimamizia websaiti. Hata salamu hakunipa. "Mwanangu, hiyo fomu yako yanilia wageni wangu." Kumbe pale mapokezi kasimama Mjerumani na mkewe na mabegi yao, anasema alibuku kwenye websaiti wiki tatu nyuma, na fomu ikamjibu kabisa "asante, tumepokea ujumbe wako", halafu mama hajaona kitu na vyumba vimejaa. Nikaingia kwenye databesi, ujumbe upo, tarehe ipo, idadi ya siku ipo. Imeili ndo haikufika, na haikuwepo hata kwenye folda ya spamu.

Nilijiona mjinga kwa sababu muda si mrefu kabla ya hapo nilishinda siku nzima napambana na boti, zile programu zinazojaza fomu zenyewe, kwenye fomu hiyo hiyo, nikaziba kila tundu ili uchafu usiingie, ila sikujiuliza hata mara moja ujumbe wa mtu wa kweli ukishatoka kwenye fomu unapitia wapi. Ndo maana siku hizi mtu akinipigia "kaka niwekee kapcha, spamu zimezidi", yaani lile jaribio la kuthibitisha kwamba wewe ni mtu, namwambia subiri kwanza.

Shida ya yule Mjerumani ilikuwa hii. Fomu nyingi, hasa zile za zamani za WordPress (programu ya kutengenezea websaiti), zimepangwa zitume imeili kwa jina la mgeni mwenyewe, yaani sehemu ya "Kutoka" inawekwa anwani aliyoandika yeye kwenye fomu. Inavutia maana ukibonyeza jibu unamjibu moja kwa moja. Lakini fikiria upande wa anayepokea: imeili inadai imetoka Yahoo, na kiukweli imetoka kwenye seva ya bei chee unayochangia na websaiti nyingine mia. Huo ni uongo, hata kama nia yako njema. Na Yahoo tangu Aprili 2014 wametangaza wazi kwamba imeili yoyote inayojiita ya kwao na haijapita kwenye mitambo yao ikataliwe, isipelekwe hata kwenye spamu, itupwe. Yule mgeni alikuwa na anwani ya Yahoo. Basi.

Dawa yake ni dakika 5. "Kutoka" weka anwani ya domeni yako mwenyewe, mfano fomu@ halafu jina la domeni, na anwani ya mgeni iweke kwenye Reply-To, ile sehemu inayosema jibu liende wapi. Jibu litamfikia vilevile na hakuna mtu umemdanganya. Pia usitume kwa ile njia ya kawaida ya PHP (lugha iliyoandikia websaiti nyingi) inayosukuma imeili bila kujitambulisha, tumia SMTP, njia ya kutuma ambayo unaingia kwanza kwa jina na paswedi, maana seva ya kuchangia jirani yako mmoja akitumika kutuma spamu anwani ya seva nzima inaingia kwenye orodha nyeusi na wewe unaoga matope yasiyo yako.

Halafu kuna rekodi tatu kwenye DNS, lile daftari la mtandaoni la mipangilio ya domeni yako, ambazo nikiulizia kwa wateja wapya karibu kila mara moja haipo au imekosewa. Mimi huwa nazieleza kwa habari ya geti. SPF ni karatasi anayopewa mlinzi yenye majina ya magari yanayoruhusiwa kutoka kwa jina lako. DKIM ni muhuri kwenye mzigo wenyewe, ukifunguliwa njiani muhuri unaonyesha. DMARC ni maelekezo, mlinzi afanye nini akikuta gari halipo kwenye karatasi na mzigo hauna muhuri: apitishe, aweke pembeni, au arudishe. Kosa ninalolikuta sana ni SPF mbili, mtu alikuwa na moja ya hosti (kampuni inayomhifadhia websaiti), akajiunga na huduma ya kutuma matangazo, wakamwambia ongeza rekodi hii, akaongeza ya pili badala ya kuunganisha kwenye ile ya kwanza. Zikiwa mbili mlinzi hasomi hata moja, anahesabu ni kosa. Na hata ukiunganisha kuna kikomo, SPF yako isimlazimishe mpokeaji kuuliza DNS zaidi ya mara 10.

DMARC anza na p=none (apitishe), kaa unasoma ripoti wiki kadhaa uone nani anatuma kwa jina lako (utashangaa, mara nyingi ni programu ya ankara uliyoisahau), ndo upande quarantine (aweke pembeni) halafu reject (arudishe). Usirukie reject siku ya kwanza, utajifungia nje mwenyewe. Na usiseme mimi biashara yangu ndogo hainihusu, tangu Februari 2024 Gmail wanataka kila anayewatumia imeili awe angalau na SPF au DKIM, na wanaotuma kuanzia 5,000 kwa siku wawe na zote tatu.

Haya sasa boti.

Kapcha za picha mimi sizipendi na nina sababu. Mteja yuko kwenye simu ya kawaida, bando la kuunga unga, anataka tu kuuliza bei, unamletea picha tisa zinafunguka moja moja, achague zenye bomba la zimamoto. Lile bomba fupi jekundu la barabarani la Marekani, nani Mbagala kaliona? Anafunga, anaenda kwa mwingine. Na nyingine zinapeleka taarifa za mgeni wako kwa kampuni kubwa kabla hata hajakuandikia neno, kitu ambacho wewe mwenye websaiti hujamwambia. Mimi niliwahi kujifanya mjanja nikaweka swali badala ya picha, "Mji mkuu wa Tanzania ni upi?" Boti zilipungua kweli, ila na wateja walipungua, maana wengi walikuwa wanaandika Dar es Salaam na fomu inawakatalia.

Ninachotumia siku hizi ni mtego. Unaweka kisanduku cha ziada kwenye fomu, unakificha kwa CSS (maelekezo ya mwonekano wa ukurasa), binadamu hakioni, boti inasoma msimbo wa ukurasa tu kwa hiyo inakijaza kama inavyojaza vingine. Kikija na kitu ndani, tupa. Rahisi hivyo, na mgeni hasumbuliwi kabisa. Lakini nisikilize kwenye jina la hicho kisanduku kwa sababu nimeumia: cha kwanza nilikiita "phone2" nikijua boti itakipenda. Ikakipenda, ila na brauza za watu zikakipenda, ile huduma ya kujaza yenyewe jina na namba ikawa inakijaza kimyakimya, mteja wa kweli anaambiwa asante na mimi namtupa. Siku kumi hivi sikujua. Kwa hiyo kipe jina lisilofanana na simu wala anwani, zima kujijaza kwa autocomplete="off" na bado usiamini, weka tabindex="-1" ili anayetembea kwa kibodi asikikanyage, weka na aria-hidden kwa ajili ya wasioona wanaosomewa na programu. Na ujumbe uliokamatwa usifute papo hapo, uweke pembeni wiki mbili uwe unapitia.

Mtego wa pili ni saa. Hakuna mtu anayejaza jina, imeili na ujumbe kwa sekunde 2. Ukipokea fomu iliyojazwa chini ya sekunde 3 au 4 hiyo ni boti. Ila kama websaiti inatumia keshi angalia, ukurasa unahifadhiwa na saa yake ndani, unaona kila mtu katumia saa sita kujaza fomu na mtego hauna kazi tena, kwa hiyo saa ianze kuhesabiwa kwa JavaScript, yaani kwenye brauza ya mgeni mwenyewe. Ukiongeza na sheria moja ya kukataa ujumbe wenye linki zaidi ya moja umebakiwa na wale jamaa wanaoandika kwa mkono "nimeona websaiti yako naweza kuipandisha Google", hao ni binadamu, hakuna mtego, futa tu.

Kwa upande wa WordPress kwa haraka: zima xmlrpc.php, mlango wa programu za nje kuingia kwenye websaiti, kama hutumii, imekuwa wazi yenyewe tangu toleo la 3.5 la mwaka 2012 na boti zinaijua. Ongeza /wp-json/wp/v2/users mwisho wa anwani ya websaiti yako uangalie kama inataja majina ya kuingilia. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Plagini usiyoitumia ifute, kuizima peke yake haitoshi maana mafaili yake bado yapo kwenye seva.

Ah, na wale wenye tabia ya kutengeneza websaiti ya majaribio kwenye sabudomeni (jina la ziada mbele ya domeni yako) wakidhani haijulikani kwa vile hawajampa mtu linki. Ukishachukua cheti cha HTTPS, jina lile linaandikwa kwenye daftari la wazi la vyeti ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma, na boti zinalisoma muda wote, zinaweza kufika ndani ya dakika chache. Weka paswedi kwenye seva kabla ya kuchukua cheti.

Turudi Paje. Wakati natafuta ujumbe wa Mjerumani kwenye databesi niliona kitu kingine kikaninyima raha: ujumbe wote wa wageni tangu websaiti ianze upo pale, majina, simu, na fomu ya zamani ilikuwa inaomba namba ya pasipoti. Ya nini kwenye kuulizia chumba? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inataka uchukue unachohitaji tu na usikae nacho milele, lakini hata bila sheria, kile ambacho hunacho hakiibiwi. Nikaondoa kisanduku cha pasipoti, nikaweka kazi ya usiku inayofuta ujumbe wenye zaidi ya siku 90, na bakapu za zamani nazo nikazifuta maana watu huzisahau hizo, taarifa umefuta huku zipo kule.

Mama akaridhika, akaniambia sawa mwanangu, tena pasipoti mimi hunitumia picha WhatsApp, zote ninazo humu kwenye simu. Hilo bado tunabishana.