Chemchemi ya mtungi nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitaja maji bustanini, wengi hufikiria bwawa: shimo kubwa, maji yaliyotuama, vyura na bili isiyolipika. Ninayoizungumzia hapa ni nyingine. Ni beseni gumu la plastiki, au pipa lililokatwa, lililofukiwa ardhini mpaka ukingoni. Ndani yake kuna pampu ndogo ya kuzamisha. Juu ya beseni umelazwa wavu imara wa chuma, juu ya wavu umesimamishwa mtungi wa udongo uliotobolewa kitako, na kuuzunguka yamepangwa mawe ya mto. Pampu inapandisha maji kwa mpira hadi ndani ya mtungi, mtungi unajaa, maji yanafurika mdomoni, yanateremka ubavuni, yanazama kati ya mawe na kurudi yalikotoka. Anayepita huona mtungi unaong'aa na kusikia maji yakichuruzika. Maji yenyewe yamefichwa chini.

Kwa nyumba za mijini huku pwani huu ndio muundo ninaomshauri kila anayeanza. Lakini kabla hajashika jembe, ndugu na majirani watakuwa wamekwisha kumwambia mengi. Baadhi yana ukweli ndani yake, mengine hayana kabisa.

“Maji uani ni kufuga mbu”

Hofu hii ina msingi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue, kidingapopo, mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza, Aedes aegypti, hupenda vyombo vya nyumbani: ndoo, matairi, visahani vya maua. Katika joto letu yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Kwa hiyo beseni la maji lililoachwa wazi ni hatari kweli, na anayekukataza ana haki.

Kosa huingia pale watu wanapojibu hofu hiyo kwa dhana ya pili, kwamba maji yakitembea tu basi mbu hawatagi. Ni kweli kwamba viluwiluwi hupanda juu kupumua, na uso wa maji unaochezacheza huwasumbua. Lakini chemchemi ina sehemu nyingi zisizotembea: kona ya beseni, tundu la jiwe, na mfumo mzima umeme unapokatika. Isitoshe, Aedes hatagi juu ya maji kama mbu wengine. Hubandika mayai kwenye ukuta wenye unyevu, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja maji yapande. Ndiyo maana kumwaga maji na kujaza upya hakutoshi. Mdomo wa mtungi na kuta zake lazima zisuguliwe kwa brashi kila wiki.

Kwenye muundo wa beseni lililofukiwa, kinga kubwa ni ya bei ndogo: tandika wavu wa dirisha, ule wa matundu madogo wa kuzuia mbu, juu ya wavu wa chuma kabla ya kupanga mawe, na uuache uzidi ukingo wa beseni pande zote. Mawe peke yake hayamzuii mbu, kwani hupenya katikati yake. Maji hupita, mbu hapiti. Ukitaka uhakika zaidi, tumia dawa ya bakteria iitwayo Bti. Viluwiluwi huila na kufa, wakati samaki, ndege na watu hawadhuriki. Kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani hutengeneza viuadudu vya aina hii, kwa hiyo si kitu cha kuagiza ng'ambo.

Usimwage mafuta ya taa wala oili chafu ya gari. Ni kweli huua viluwiluwi kwa kuwazibia hewa. Pia huua kila kingine, huharibu pampu, na ikinyesha mvua kubwa yote huishia kwenye udongo unaopanda mchicha.

“Haya ni mambo ya hoteli na wageni”

Hili huniuma kidogo, kwa sababu pwani hii imeishi na maji yaliyojengewa kwa ustadi karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza. Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14, lina birika, yaani hodhi la maji, la pembe nane lililojengwa kwa mawe ya matumbawe, na magofu yake bado yanaonekana. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la chooni lilikuwa na bakuli la kauri kutoka China lililojengewa kwenye sakafu yake, na ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yalipopungua, samaki walibaki na maji yao bakulini. Wazee hao walikwisha kulitatua swali la mbu kwa njia nzuri kuliko wengi wetu leo.

Samaki, hata hivyo, hawafai kwenye beseni lililofukiwa, maana ni giza na pampu huwavuta. Wanafaa kwenye chombo cha wazi, kwa mfano karai pana lenye yungiyungi. Wengi hutumia gapi, ambao ni hodari wa kula viluwiluwi, lakini asili yao ni Amerika ya Kusini. Ukiwachoka usiwatupe mtoni. Onyo hilohilo ni kali zaidi kwa gugu maji. Maua yake ya zambarau yanavutia na huelea bila kazi yoyote, lakini hilo ndilo gugu lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba bandari na mialo na kuwatesa wavuvi wa nchi tatu. Chukua yungiyungi la kwetu. Linahitaji jua saa tano au sita kwa siku na maji yaliyotulia, kwa hiyo usilipande chini ya maji yanayodondoka.

“Inakula maji”

Maji ni yaleyale yanayozunguka. Kinachopotea ni mvuke na matone yanayorukia nje. Chukua beseni la wazi lenye kipenyo cha sentimita 60. Siku ya jua kali, maji yakishuka milimita 5, umepoteza lita moja na nusu hivi. Mawe yakilifunika, uso wake hupoteza maji machache kuliko hayo, ingawa ubavu wa mtungi uliolowa nao hutoa mvuke wake. Hata ukizidisha mara mbili, ni maji machache kuliko ya kumwagilia bustani ndogo jioni moja.

Mwizi wa kweli ni umeme unapokatika, na hili watu wengi hawaambiwi. Pampu ndogo nyingi hazina vali ya kuzuia maji kurudi. Ikisimama, maji yote yaliyomo mtungini huteremka kwa mpira uleule hadi kwenye beseni. Beseni likiwa dogo hufurika, maji hunywewa na udongo, na umeme ukirudi pampu hukuta maji hayatoshi, hunyonya hewa na kuungua. Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuchimba. Mtungi wa lita 20 nautafutia beseni la lita 60, na kulijaza lita 45 tu. Mtungi ukijaa, beseni hubaki na lita 25, pampu imefunikwa vizuri. Umeme ukikatika, zote 45 hurudi na bado kuna nafasi ya mvua. Wapo wanaoinua mpira hadi karibu na mdomo wa mtungi ili maji yasirudi. Mimi sipendi, kwa sababu hapo unabaki na mtungi wa maji yaliyotuama, na mbu anaujua. Acha ujikaushe wenyewe.

“Pampu kubwa ndiyo bora, ila umeme utakula mshahara”

Lita zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa bila kupandisha maji popote. Kando yake huandikwa kimo cha juu kabisa, na hicho ndicho kimo ambacho pampu haitoi tena hata tone. Pima kutoka usawa wa maji ndani ya beseni hadi mdomo wa mtungi. Ikiwa ni sentimita 70, pampu yenye kimo cha mita moja itakupa maji ya kudondoka, na yenye mita moja na nusu hadi mbili itakupa utando mzuri wa maji ubavuni. Ukizidisha, maji yatatumbuka kama sufuria ya uji na kuruka nje ya mawe.

Pampu ya aina hiyo hula wati 15 hivi. Ikiwaka usiku na mchana ni karibu yuniti 11 kwa mwezi, na ikiwaka saa sita kwa siku haifiki yuniti 3. Kwa Tanzania, aliye kwenye kundi la matumizi madogo lisilozidi yuniti 75 kwa mwezi aangalie asije akavuka kikomo hicho kwa sababu ya chemchemi, maana hapo yuniti zinazozidi hulipiwa bei ya juu zaidi. Pampu za jua nazo zipo, lakini zisizo na betri husimama wingu likipita.

Kuhusu usalama wa umeme sitaki mzaha. Utepe wa kuungia nyaya haufai kwenye maji, hata ukizungushwa mara ngapi. Kiungo cha waya kiwe mahali pakavu, juu ya ardhi, ndani ya kisanduku cha nje kisichopitisha maji, na saketi iwe na breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Mwite fundi umeme kwa hilo tu kama bajeti ni ndogo. Chomoa plagi kila unapotia mkono, na usiinue pampu kwa kuvuta waya wake.

“Maji ni ya kifundo cha mguu, mtoto hawezi kuzama”

Anaweza. Mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito kuliko nguvu za mikono yake. Akianguka kifudifudi kwenye ndoo au karai, sentimita chache za maji zinatosha kumfunika pua na mdomo, na mara nyingi hapigi kelele. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isiwe na chombo cha maji cha wazi, hata kiwe kizuri vipi. Beseni lililofukiwa chini ya wavu na mawe ndilo jibu, mradi wavu ubebe uzito wa mtu mzima. Simama juu yake wewe mwenyewe kabla ya kupanga mawe. Na mtungi ukae imara, usiyumbe mtoto akiukumbatia.

“Italeta kichocho”

Hapana. Mzunguko wa kichocho unahitaji mkojo au kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa kiingie majini, kisha konokono wa aina maalumu, kisha mtu aingize ngozi humo. Chemchemi iliyofungwa nyumbani haina mwanzo wa mzunguko huo. Mimea ya maji uliyoitoa mtoni ioshe vizuri na uondoe konokono, inatosha.

“Yakiwa ya kijani ni machafu, badilisha”

Ukijani ni mwani, unaolishwa na jua na virutubisho. Ukibadilisha maji kila mara unauongezea chakula. Upunguzie mwani mwanga: beseni lililofunikwa halioti mwani kwa wingi, na kwenye karai la wazi acha majani ya yungiyungi yafunike nusu ya uso au zaidi. Klorini ya kufulia itaua mimea, samaki na ndege wanaokuja kunywa. Shida ya pwani ni nyingine: maji ya visima vingi yana chumvi na chokaa, huacha ukoko mweupe mtungini na kuziba pampu. Siki ya jikoni iliyochanganywa na maji hulainisha ukoko huo ukiiloweka pampu usiku kucha. Maji ya mvua ni bora zaidi.

“Mtungi wowote unafaa, na shimo hupigwa kwa msumari”

Mitungi yetu ya asili, kama ile ya akina mama Wakisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huchomwa kwa moto wa kuni na haipakwi rangi inayong'aa kama kioo. Hupitisha unyevu kidogo, jambo lisilo na hasara hapa kwa kuwa maji hurudi beseni. Chagua wenye ukuta mnene, ugonge kwa kidole: sauti ikiwa butu, huenda una ufa. Uloweke usiku mmoja, uupindue juu ya gunia lenye mchanga, bandika utepe wa karatasi pale unapotoboa, kisha tumia drili yenye biti ya ukutani kwa mwendo wa polepole, kile kipigo cha nyundo kikiwa kimezimwa. Anza na biti nyembamba, panua kidogo kidogo, ukidondoshea maji. Pitisha tunduni konekta ya tangi, kiungo cha kuunganishia mpira wa pampu, yenye mipira ya kuzibia pande zote mbili, kaza kwa mkono tu, paka silikoni na uache siku nzima ikauke kabla ya kujaza maji.