Masikio hayazoei kelele, ni ubongo tu

Hii stori ati makanga ashazoea mziki wa mathree (matatu) hadi masikio yake yakakomaa ni ya kitambo na si kweli. Kinachozoea ni ubongo, unaona hiyo sauti haina maana unaipuuza, lakini sikio lenyewe linaendelea kuumia kama kawa. Kila sikio lina seli zenye vinyweleo za kunasa sauti kama 15,000 hivi na kwa binadamu zikikufa ndio basi, hazimei tena (za kuku humea, bahati yake). Sasa mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston, Marekani, waliwapigia panya kelele kwa masaa mawili, usikivu ukashuka halafu baadaye ukarudi poa kabisa, lakini kuangalia ndani wakakuta viungio vingi kati ya hizo seli na neva ya kusikia vimepotea. Kwa hivyo ile ngiii unasikia masikioni ukishuka mat ya Rongai, hata ikiisha asubuhi, si ushahidi ati hakuna kitu kimeharibika. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema sauti ya desibeli 80 (kipimo cha ukali wa sauti) ni salama kuisikiliza hadi masaa 40 kwa wiki, zikifika 90 ni masaa 4 tu.