Nyoka alipotezea wapi miguu yake?

Wageni wanaofika bustani ya nyoka ya Meserani, nje kidogo ya Arusha, humkimbilia koboko. Sisi wataalamu wa wanyama tunawaomba wasimpite chatu. Mtazame karibu na tundu la haja: kila upande kikucha kidogo kimechomoza katikati ya magamba. Cha dume huwa kikubwa kuliko cha jike, naye hukitumia kumpapasa jike wakati wa kupandana. Kwa ndani kimeshikana na masalia ya mfupa wa paja na nyonga. Huo ni mguu wa nyuma.

Kwamba nyoka ametokana na mijusi, wanasayansi wamekubaliana. Wanachobishania ni mahali miguu ilikopotelea: baharini au nchi kavu?

Mwaka 1869 Mmarekani Edward Cope aliwahusisha nyoka na mosasauri, reptilia wakubwa wa baharini waliokwisha kutoweka. Hoja yake ilipata nguvu mwaka 1997, Michael Caldwell na Michael Lee walipochunguza upya Pachyrhachis, kisukuku kilichopatikana karibu na Ramallah. Ni nyoka wa baharini mwenye vijiguu vya nyuma. Kwa wengi, ubishi ukawa umekwisha.

Mwaka 2006 ukafufuka. Kutoka Argentina alitangazwa Najash, nyoka wa nchi kavu wa miaka ipatayo milioni 95, mwenye miguu ya nyuma na nyonga ambayo bado imeungana na uti wa mgongo. Pachyrhachis hana muungano huo. Kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito: Najash amehifadhi umbile la kale zaidi, na aliishi nchi kavu.

Je, mababu hao walichimba mashimo? Hapo bado nasita. Wanaoamini hivyo hutaja macho: mjusi huona vizuri kwa kubadili umbo la lenzi, nyoka wengi kwa kuisogeza, kana kwamba jicho lilififia gizani likaundwa upya. Lakini mafuvu ya Najash yaliyoelezwa mwaka 2019 yanaonyesha nyoka mkubwa mwenye kinywa kipana, si kijinyoka cha udongoni.

Kwetu Tanzania, miamba ya Nsungwe katika bonde la Rukwa imetoa mifupa ya nyoka wa jamii ya swila na koboko, ya miaka milioni 25 hivi. Ni ya juzi mno kwa swali hili. Bonde hilohilo lina miamba ya Galula, ya miaka ipatayo milioni 100, iliyotupa Pakasuchus, mamba mdogo mwenye meno kama ya mamalia. Huko ndiko ninakotamani vijana wetu wa jiolojia wakamtafute nyoka mwenye miguu.