Jasho la sauna halisafishi damu

Hapa Goma, mtu akitoka sauna, kile chumba cha joto kali cha kutokwa jasho, na taulo limelowa chepechepe, utamsikia: “Sumu yote imetoka!” Hapana, ndugu yangu. Jasho karibu lote ni maji, na chumvi kidogo, ile inayokuwasha macho ikitiririka usoni. Kazi yake ni kupoza mwili. Sumu huondolewa na ini na figo, usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Kilo iliyopungua kwenye mizani ni maji, ukinywa, inarudi.

Sauna ina raha yake: misuli hulegea, mawazo hutulia. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, na usiingie umelewa. Ninayemhofia zaidi ni yule anayeacha dawa zake akidhani jasho litamponya. Mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito wamuulize daktari kwanza.