Uchunguzi wa Dkt. Alexander bandarini Bari

Ninapowafundisha wanafunzi wa udaktari somo la sumu, hupenda kuwaeleza kazi ya Luteni Kanali Stewart Alexander wa Jeshi la Marekani, kwa sababu taarifa za kijeshi alizonyimwa na wakubwa alizipata kwa kuwachunguza wagonjwa.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943, ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari, Italia. Miongoni mwa meli zilizozama ilikuwamo John Harvey ya Marekani, iliyobeba kwa siri mabomu yapatayo 2,000 ya gesi ya haradali, sumu ya vita inayochoma ngozi. Sumu hiyo, ambayo kwa kawaida ni kimiminika, ilichanganyika na mafuta yaliyotanda majini. Mabaharia waliookolewa walifunikwa mablanketi wakiwa bado na nguo zilizolowa mafuta hayo, nayo sumu ikapenya ngozi kwa saa nyingi huku wauguzi wakidhani wanahudumia watu waliopigwa na baridi na mshtuko. Baadaye macho yalivimba, ngozi ikatoka malengelenge, na shinikizo la damu likashuka bila kuitikia tiba.

Alexander, aliyekuwa na umri wa miaka 29, alitumwa kutoka makao makuu ya Jenerali Eisenhower, kamanda wa majeshi ya Washirika, huko Algiers. Alipoingia wodini tu alisikia harufu iliyofanana na ya kitunguu saumu, dalili ya gesi ya haradali. Maofisa wa Uingereza waliosimamia bandari walikana kuwapo kwa gesi hiyo. Basi akaulizia kila marehemu alikuwa meli ipi, akachora ramani ya bandari, na vifo vikaonekana kukusanyika karibu na John Harvey. Mzamiaji naye aliopoa vipande vya bomu vilivyotambuliwa kuwa vya M47A1, bomu la Marekani lenyewe. Waliolazwa kwa sumu hiyo walizidi 600, na 83 kati yao walifariki, lakini Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, hakukubali kwamba kulikuwa na gesi.

Kwangu mimi, sehemu yenye uzito zaidi ni vipimo vya damu: chembechembe nyeupe zilipungua mno, jambo ambalo Alexander alikuwa ameliona kwa sungura katika maabara ya silaha za kemikali ya Jeshi la Marekani huko Edgewood, na alilieleza kwa kina katika ripoti yake ya mwaka 1944. Kwa kuwa sumu inayoua chembechembe hizo inaweza pia kushambulia saratani yake, wapo wanaodai kuwa tibakemikali, yaani kutibu saratani kwa dawa za kemikali, ilizaliwa Bari. Huko ni kutia chumvi, kwani Goodman na Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale walikwisha kumtibu mgonjwa wa limfoma (saratani ya chembechembe nyeupe) kwa haradali ya nitrojeni, kemikali ya jamii ya gesi ya haradali, mwaka 1942, nao pia wakifungwa na usiri wa vita hadi 1946.