Mtoto hakulia alipozaliwa, kwa hivyo hakuna kesi? Nani amekwambia?

Wiki hii pekee nimepigiwa simu tatu na zote ni hivi: "Wakili, Katiba inasema uhai unaanza mimba ikitungwa, so mtoto akifia tumboni leba, hospitali imeua mtu, tuwafunge kwa mauaji." Jamani, nimechoka kueleza kwa simu.

Ibara ya 26(2) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hivyo kweli. Lakini kifungu cha 214 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtoto anakuwa mtu wa kuuawa akishatoka wote tumboni mwa mamake akiwa hai. Aliyezuiwa kuzaliwa hai ana kifungu chake, 228, tena adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Hiyo ni jinai, tuiache hapo.

Kwa fidia tunafuata njia ya Waingereza: aliye tumboni hadai, ila akizaliwa hai anadai hata kwa madhara aliyopata kabla ya kuzaliwa. Akizaliwa mfu, kesi ni ya mama, kwa mwili wake na uchungu wake, na ni kesi kamili, msidanganywe.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Watu wanaambiwa "hakulia" wanarudi nyumbani kuzika. Kuzaliwa hai si kulia! Hiyo 214 yenyewe inasema hata kama hajavuta pumzi, hata kama kitovu hakijakatwa. Nilisoma faili moja, juu wameandika FSB kwa kalamu nyekundu, yaani amezaliwa mfu, halafu ukurasa wa nne Apgar, yaani alama ya 0 hadi 10 ya hali ya mtoto akizaliwa, dakika ya kwanza ni 2. Mfu hapati 2, mfu ni 0, kwa hivyo mtoto alionyesha uhai mezani pale. Nikafungua patografu, ile chati ya kufuatilia leba, mpigo wa moyo wa mtoto unafaa kuandikwa kila nusu saa, na hapo saa nne nzima hakuna hata nukta moja.

Nakiri sheria hii hainiridhishi. Aliyeishi dakika moja ana kesi kwa jina lake, aliyefia tumboni robo saa kabla ya kuzaliwa hana, na uzembe ni ule ule, nesi ni yule yule, mama ni yule yule. Nimewaeleza akina mama hivyo nikiwaangalia machoni na sijawahi kuona ni haki.

Kwa hivyo ombeni nakala ya faili mapema, Ibara ya 35 inawapa haki hiyo hata kwa hospitali ya kibinafsi. Kurasa zote, na patografu iwemo, mbele na nyuma.